Sura Iliyobaki Tumboni mwa Mashine

Wenzangu wa televisheni, nikistaafu mmenipa kiti cha kupumzikia, kisha mkaniomba niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijaanza kukikalia. Kwa kiti nashukuru. Vyeo nilipata viwili, vyote vikiwa na majina marefu na bila ofisi, kwa hiyo tuviache. Nitaandika kuhusu lile mnalonicheka kila siku: kwa nini siondoki kazini kabla ya kwenda upande wa pili wa chumba, mikono mgongoni kama mama mkwe anayekagua jikoni, nikaangalia televisheni kwa macho yangu mwenyewe, hata kama mashine imekwisha kusema kila kitu kiko sawa.

Nilianza katika chumba cha mashine cha kampuni moja ya migodi, wakati kampuni bado inapumua. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu, maana niliambiwa nimepata kazi ya ofisini. Mkuu wa chumba, Papa Gaston, aliviangalia vile viatu, akanipa brashi ya kupakia rangi. "Béa," akasema, "hii njo ordinatere yako ya kwanza." Kompyuta zenyewe sikuzigusa ila kwa brashi hiyo: mwezi mzima nilifuta vumbi. Vumbi la Lubumbashi ni jekundu na halina haraka. Ukilifuta asubuhi linakungoja nyumbani jioni. Lakini katika kufuta nilijua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, na wale waliokuja na diploma zao hawakujua.

Papa Gaston hakuwa mtu wa maneno mengi, ila jambo moja alilirudia mpaka likanichosha. Mashine ikiandika kwamba kazi imekwisha, yeye haamini. Anavaa koti, anavuka ua, anakwenda kumuuliza karani wa ghala kama orodha yake imefika na inasomeka. Mimi nilikuwa kijana na ua ulikuwa na jua kali. Nikamuuliza kwa nini tusiamini tu. Akajibu, "Usiulize mashine, Béa. Mashine iko na sifa mingi, inajisifu tu. Uliza mutu mwenye anangojea." Niliitikia kwa heshima na nikaendelea kuamini mashine kwa miaka mingi.

Halafu mambo yakaanza kufumuka. Siku moja tulikuta kiyoyozi cha chumba hakipo. Siku ya pili dirisha lililokishika kiyoyozi nalo halikuwepo. Wazungu wa mwisho waliondoka, jina la nchi likabadilika, askari wakapita kuelekea upande huu kisha wengine wakapita kuelekea upande ule. Papa Gaston alifunga chumba kwa kufuli lake mwenyewe, akanikabidhi bisibisi zake ndani ya mkebe wa biskuti, akaenda kulima mahindi. Nililia njiani nikirudi nyumbani, na siogopi kuliandika. Mkebe ndio huu ulio kwenye rafu yenu, ule mnaotilia misumari.

Vita ya pili ilinikuta hapa mtaa wa Kamalondo, kwenye kituo kidogo cha televisheni kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Tulikuwa na kamera moja, mtambo mmoja wa kurushia, na mtangazaji mmoja, Placide, aliyekuwa na sauti ya askofu. Juu alivaa tai na koti, chini alivaa ndara, kwa sababu kamera haikufika huko. Simu za mji zilikuwa zimekufa. Treni za kutoka kaskazini zilikuwa zikileta watu waliokimbia vita, wakitawanyika katika makomini yote, yaani mitaa yote ya mji, ndugu hajui ndugu yuko wapi. Kwa hiyo kipindi kilichotazamwa kuliko mpira kilikuwa matangazo ya familia: ndoa, ubatizo, jubilei, na zaidi vifo. Mwenye televisheni alifungulia uani na mtaa mzima ukaja kusikiliza nani amekufa na kilio kiko wapi.

Karatasi zilikuwa zimeadimika. Tulizoea hivi: mtu anapanda ngazi, ananiambia tangazo lake, naliandika moja kwa moja ndani ya mashine. Juu naweka jina na maneno, chini naweka picha na mahali pa kukutania. Placide hakuwa na nakala mkononi. Alisoma kile kile ambacho watazamaji walikiona kwenye televisheni, kwa hiyo kama kioo kimesema uongo, Placide aliusoma uongo huo kwa sauti nzuri kabisa.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilitumia Linux, iliyotufikia kwenye CD kutoka Lusaka ndani ya begi la mama mmoja wa vitenge. Mfumo ule ni wa wazi: kila kilicho ndani yake unaruhusiwa kukisoma na kukigeuza. Hiyo ndiyo sifa yake, na kwa mtu mwenye kichwa kama changu ndiyo hatari yake. Shida yetu ilikuwa kadi ya picha, ile inayotoa picha kwenda kwenye mtambo. Sura ya marehemu ilishuka kama pazia bovu: paji la uso kwanza, kisha macho, kisha tunangoja pua. Familia moja ilikuja kulalamika kwamba mzee wao alitolewa kwa vipande. Placide naye alichoka kusema "tunasikitika" mara tatu akingoja kidevu.

Nikatafuta dawa. Rafiki aliyekuwa chuoni Ndola alinitumia maandishi kwenye disketi, na humo nikaelewa. Ndani ya prosesa kuna kumbukumbu ndogo ya haraka, tunayoiita kache, na unaweza kuiambia prosesa iishughulikie vipi kumbukumbu ya kadi ya picha. Fikirieni mhudumu wa baa hapa Kamalondo. Wa kwanza anapeleka glasi moja moja. Hakosei, lakini utakufa kwa kiu. Wa pili anazipanga kwenye sinia, likijaa anakwenda mara moja. Wa tatu anaziweka chini ya kaunta, anasema "nimepeleka", na atazipeleka kweli siku atakapohitaji nafasi pale chini. Mashine yetu ilikuwa kama mhudumu wa kwanza. Tulimhitaji wa pili. Mimi nilichagua wa tatu.

Msinicheke bado. Yale maandishi yalikuwa marefu kuliko disketi, kwa hiyo yaliishia katikati ya sentensi. Sehemu iliyokatika ndiyo iliyokuwa na maonyo. Mimi niliona orodha ya hali za kuchagua, hii ya tatu ikisifiwa kwamba ndiyo ya haraka kuliko zote, nikasema basi, sisi tunakosa nini? Nikaandika mstari mmoja katika faili la kuwashia mashine. Sura zikaanza kutokea mara moja, pua na kidevu pamoja. Mwenye kituo alinipeleka kula bukari, ugali wetu, na samaki. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Sasa ile siku. Saa sita na nusu mchana tulikuwa na matangazo mawili tu. La kwanza lilikuwa jubilei ya Papa Kasongo wa mtaa wa Makomeno, miaka arobaini ya ndoa, na picha yake akitabasamu ndani ya suti. La pili lilikuwa kifo cha Papa Mwilambwe, fundi wa reli, kilio mtaa wa Naviundu. Mimi nilikuwa chini kwa fundi cherehani nikishonewa zipu. Televisheni yake ilikuwa imewashwa. Tangazo la jubilei likatokea na nusu ya chini ikiwa buluu tupu. Placide alisoma jina, akafika pale patupu, akakohoa, akasema kwamba sherehe itafanyika mahali panapojulikana. Halafu likaja la pili. Juu limeandikwa marehemu Mwilambwe. Chini yake Papa Kasongo anatabasamu ndani ya suti, na anwani yake ya Makomeno. Placide, kwa sauti ile ya askofu, akawaalika watu wote Makomeno kulia.

Nilipanda ngazi zipu ikiwa wazi. Nilipofika, matangazo yalikuwa yamekwisha na kituo kilikuwa kinarusha muziki kutoka kwenye mkanda.

Haikupita saa mbili, Papa Kasongo akaingia mwenyewe, na suti ile ile. Nyuma yake ngazi zilijaa watoto waliotaka kumwona mfu anayetembea.

"Mama," akaniambia, "niangalie muzuri. Niko muzima ao niko mufu?"

"Uko muzima, Papa. Pardon sana."

"Basi ukaambie bibi yangu! Amevala robe ya sherehe, bantu banamukumbatia banalia! Bajirani bamesha leta viti. Chorale imekuya na nyimbo za mazishi. Na kuko muzee moya, anakatala kutoka. Banamuambia, mwenye nyumba eko muzima, angalia, njo huyu! Ye anakaa tu pale anafuta machozi."

Placide alijaribu kumtuliza. Alisema kwamba mtu akitangazwa kafa bado hai, ataishi sana. Papa Kasongo akamjibu kwamba angependa kuanza kuishi leo, bila kwaya ya mazishi. Tukampa chai, tukamwahidi kwamba saa kumi na moja jioni tangazo litarudiwa sawasawa. Akaondoka akipunga mkono kwa watu wa dirishani kama mgombea.

Nilikuwa bado nacheka aliposimama mlangoni mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani. Kicheko kiliniishia palepale. Alikuwa Mama Julienne, mjane wa Mwilambwe, na alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Naviundu.

"Samahani, Mama," akasema. "Mi sikuye kugombana. Mambo ya sura, mi bwana yangu namujua. Lakini eko na kaka yake mukubwa, alifikaka na train ya bale wa kaskazini. Nasikia eko mu mji, sijue wapi. Ku nyumba yetu hajafikaka hata siku moya. Ata jina ya avenue hajue."

"Na mazishi ni lini?"

"Kesho asubui, saa ine. Morgue haina courant, umeme imekatika, banasema hawawezi kuchunga maiti yake tena. Nikimuzika bila mutu wa famii yake, batasema mi njo nilimuficha. Ata basiposema." Akakaza fundo la kitambaa chake. "Miaka yote alikuwa anasema, siku ntakufa, kaka yangu njo atanitupia udongo wa kwanza. Mi nataka tu amuone, Mama. Amuone, ajue njo yeye."

Nilimwambia ataonekana. Mdomo ulisema hivyo kabla kichwa hakijajua kosa liko wapi.

Niliketi kwenye mashine. Nikaliita tangazo la Mwilambwe: jina lake, sura yake yenye masharubu, Naviundu. Sahihi kabisa. Nikaliita la jubilei, kisha nikarudi. Sahihi. Nikaiamuru mashine ipige nakala ya kioo chake na kuihifadhi. Nikaifungua nakala, sahihi. Nilirudia mara kumi. Nilianza kumwangalia Placide kwa jicho baya, kana kwamba yeye ndiye aliyembadilisha marehemu kwa mdomo. Mama Julienne alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, mikono mapajani. Saa ilikuwa inakaribia kumi.

Ndipo nikamkumbuka Papa Gaston na koti lake. Nani anangoja hapa? Si mimi niliye mbele ya kibodi. Anayengoja yuko uani mwa mtu, mbele ya televisheni, wala hagusi chochote. Nikamwambia Placide: "Tufanye kila kitu kama mchana. Kila kitu. Mimi nitakaa kwenye benchi."

Nikakaa kando ya Mama Julienne, tukielekea televisheni ya ukaguzi, ile inayoonyesha kile wanachokiona watazamaji. Placide akabonyeza, kisha akanyoosha mkono kwenye redio ya kaseti.

"Hiyo nini?" nikamuuliza.

"Muziki ya kilio. Leo nimetumia kaseti yangu, ile ya mu machine inakwaruza."

Wiki nzima muziki wa huzuni ulikuwa unapigwa na mashine yenyewe. Leo ulitoka kwenye kaseti, na mashine ikabaki bila kazi. Tangazo la jubilei likatokea, chini buluu. La Mwilambwe likatokea, chini Papa Kasongo anatabasamu. Mama Julienne akavuta pumzi. Mimi nikaenda kwenye kibodi, nikaanzisha ule muziki wa zamani unaokwaruza, na pale pale, mbele ya macho yetu, Kasongo akafutika na masharubu ya Mwilambwe yakatokea.

Mhudumu wangu wa tatu! Glasi zilikuwa chini ya kaunta. Nusu ya mwisho ya picha ilikuwa inabaki ndani ya kache, prosesa ikihesabu kwamba imeshapeleka. Kioo kilibaki na nusu ya picha iliyotangulia: kwanza buluu ya kabla ya matangazo, kisha Kasongo. Kazi nyingine ikija, kama muziki au vidole vyangu kwenye kibodi, inahitaji nafasi, ndipo picha inasukumwa kwenda ilikotakiwa. Na nilipoipigisha mashine nakala ya kioo, haikwenda kuangalia kioo. Iliangalia chini ya kaunta yake, ikaniambia: si hii hapa? Kasongo hakuonekana kwenye jubilei yake, akaja kuonekana kwenye kifo cha mwenzake, kwa sababu ya mstari mmoja nilioutunga mwenyewe na kuulia samaki.

Nilimwambia Mama Julienne ukweli. Kwamba kosa si la umeme, si la antena, ni langu. "Basi utengeneze," akasema.

Nikabadilisha neno moja katika ule mstari, nikaweka hali ya sinia. Lakini ili mashine isafike kabisa ilibidi kuizima, na mashine ile hatukuwa na desturi ya kuizima. Diski yake ikipoa ilikataa kuamka. Nilizima, nikahesabu pumzi kumi, nikawasha. Kimya. Nikafungua mkebe wa biskuti, nikachukua bisibisi nene ya Papa Gaston, nikaigonga diski ubavuni kwa mpini, polepole, kama unavyomwamsha mgeni. Kimya. Nikagonga tena, na safari hii nilisali kwa sauti na Placide akaitikia. Diski ikakohoa, ikazunguka.

Saa kumi na moja tulirusha. Kaseti ya Placide, mashine bila kazi nyingine, mimi kwenye benchi. Jubilei ilipita kamili, kisha jina, masharubu, Naviundu, vyote pamoja, mara moja. Mama Julienne alimwangalia mumewe hadi tangazo likaisha, akasimama, akanishika mkono, akaondoka kuwahi njia. Hakuna aliyejua kama kaka wa marehemu ameona.

Kesho yake nilikwenda makaburini. Nilisimama nyuma, maana nilikuwa na aibu. Saa nne ikafika, ikapita kidogo. Katekista alimwangalia Mama Julienne, naye akaiangalia barabara. Watu wa shimo walikuwa wameshaegemea majembe yao. Halafu likatokea gari la kubebea mizigo, limejaa viti vya plastiki, na mbele ameketi Papa Kasongo na suti yake ya jubilei. Akashuka, akamshika mkono mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya reli.

Ni yule yule aliyekataa kutoka Makomeno. Alikuwa amelisikia jina la ndugu yake mchana, akatembea hadi anwani tuliyompa, akakuta wengine wanalia na wengine wameshaanza kucheka. Walimwambia hapa hakuna Mwilambwe. Akawajibu kwamba televisheni imesema hapa, na akakaa kwenye kiti akingoja. Alingoja mpaka jioni, mpaka sura yenyewe ilipotokea kwenye televisheni ya Papa Kasongo, na kwa kuwa usiku ulikuwa unaingia, Kasongo akamlaza kwake. Mimi habari zake niliambiwa saa nane mchana, kwa mdomo wa Kasongo mwenyewe, nikazihifadhi kichwani bila kuzipeleka popote. Kwa hiyo msidhani ni prosesa peke yake yenye tabia hiyo.

Nilimfuata, nikapiga goti. "Papa, mi njo nilikutuma ku Makomeno. Unisamehe."

"Weye njo televisheni?" akaniuliza.

"Mi njo televisheni, Papa."

"Bon. Balinipa chakula kule." Akanipita.

Jeneza lilikuwa na kidirisha kidogo cha kioo upande wa kichwa. Mama Julienne alikifuta vumbi kwa kitambaa chake, akasogea pembeni. Mzee alivua kofia, akainama. Hakulia. Aliangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma polepole, na watu wote tukamngoja yeye.

"Njo yeye," akasema.

Kisha akachota udongo.